KAMPUNI IKIUA, AFUNGWE NANI?

Ndugu msomaji, tuanze na swali la kijiweni, maana tukiwaachia wanasheria walianze wao tutakesha. Mtu akiua mtu, anakamatwa. Kampuni ikiua watu, anakamatwa nani?

Usikimbilie kujibu. Kwanza simama nasi njia panda ya Ipole, wilayani Sikonge, pale barabara itokayo Tabora inapogawanyika, moja ikaelekea Koga na Mpanda, nyingine ikashika Rungwa kwenda Mbeya. Tuseme wewe ni utingo wa lori la tumbaku. Dereva wako amekwisha kumwambia meneja mara tatu kwamba breki hazishiki na tairi za nyuma zimekwisha. Meneja kajibu kwamba mzigo unangojewa, anayeogopa ashuke, vijana wenye shida ya kazi wamejaa stendi. Lori linaondoka. Likipinduka na kukulalia, habari itakayotoka kesho yake unaijua kwa moyo: dereva anashikiliwa na polisi. Kama dereva naye amekufa, basi chanzo ni mwendo kasi na jalada linafungwa. Meneja hahojiwi. Mwenye kampuni atatuma sanda, mchele wa msiba na lori jingine, kwa sababu tumbaku haingoji arobaini yako.

Mfano huo ni wa kutunga. Lakini tuambie, msomaji, ni lini mara ya mwisho uliposikia lori au basi limeua, na aliyeswekwa ndani akawa ni mkurugenzi aliyegoma kununua breki?

Njia hii ya Tabora ina mazoea hayo tangu zamani. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mpagazi akiangushwa na ndui au njaa, mzigo wake ulihamishiwa bega jingine na safari ikaendelea. Kule pwani tajiri alihesabu pembe, hakuhesabu watu. Baadaye ikaja kampuni ya Kijerumani iliyopewa hati ya kututawala mwaka 1885. Watu wa pwani wakaasi mwaka 1888. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Kampuni ikanyang'anywa utawala, ikabaki na biashara na mashamba yake. Mtu ana shingo, kampuni haina, na tangu siku hizo sheria imekuwa ikitafuta shingo ya mtu mdogo.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, maana wakubwa hupenda kutuambia kwamba sheria ipo. Ni kweli ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 195, inasema anayesababisha kifo kwa kutenda au kwa kuacha kutenda kinyume cha sheria, ukiwamo uzembe mkubwa katika wajibu wa kulinda uhai wa watu, ana kosa la kuua bila kukusudia. Kifungu cha 198 kinampa hadi kifungo cha maisha. Tena Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema neno "mtu" ni pamoja na kampuni na taasisi ya umma. Kwa hiyo kwenye karatasi kampuni inaweza kuitwa muuaji. Kwenye mahakama mambo ni mengine. Uzembe huo umo kichwani mwa nani? Fundi anasema aliandika vipuri vinahitajika. Mhasibu anasema fungu halikupitishwa. Mkurugenzi anasema hakuletewa taarifa. Bodi inasema haiendeshi magari. Kila mmoja kashika kipande kidogo cha kosa, na hakuna kipande kinachotosha kumfunga mtu. Na hata ukishinda, kampuni utaiweka gereza gani? Isanga au Ukonga?

Sheria mahsusi ya makosa ya kampuni na taasisi zinazoua haipo nchini mwetu. Hilo ndilo pengo ambalo Bunge limelikalia kimya, na makaburi yake tunayajua.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Meli ilikuwa ya idara ya majini ya Shirika la Reli, shirika la umma. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Yaani wewe na mimi, tunaonunua tiketi ya bei ya chini, hata majina yetu hayakuandikwa. Wakati wa kuokoa, meli ilitobolewa na hewa iliyokuwa ikiielemeza juu ikatoka, ikazama na waliokuwa wakigonga vyuma kutoka ndani. Taifa likaomboleza siku tatu. Maofisa wa shirika, nahodha akiwamo, wakafunguliwa mashtaka. Lakini shirika lenyewe, lililopanga ratiba, lililouza tiketi na kukusanya nauli, halikusimama kizimbani hata siku moja.

Na hata ungelitaka leo ungelitafuta wapi? Idara yake ya majini iligeuzwa kampuni inayojitegemea. Reli ikakodishwa kwa RITES ya India mwaka 2007 ikaitwa TRL, mambo yakaharibika, Serikali ikairudisha mikononi mwake, na mwaka 2017 ikatungwa sheria ikarudi kuwa Shirika la Reli. Nyoka wa kawaida hujivua gamba mara chache kuliko hivyo. Binadamu aliyeua akibadilisha jina bado ni mwuaji. Taasisi ikibadilisha jina, deni la damu linabaki kwenye ubao wa zamani.

Juni 24, 2002, treni ya abiria ya shirika hilo hilo ilirudi nyuma mlimani baina ya Igandu na Msagali, mkoani Dodoma, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni Reli ya Kati hii hii inayopita Tabora. Juni 22, 2022, ikawa zamu yetu, mabehewa yakaanguka Malolo hapa hapa Tabora, wanne wakafa na zaidi ya mia moja wakaumia. Hatusemi nani alikosea Malolo. Tunachosema ni kwamba hata lingekosea shirika, hakuna mlango wa sheria ulio wazi wa kulipitisha.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228! Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaifanya na kulia. Rais Magufuli akaivunja bodi ya TEMESA, mtendaji mkuu akaondolewa, watu wakakamatwa. Tulipiga makofi. Lakini kuvunja bodi ni adhabu ya kazini, ile ile anayopewa karani mchelewaji. Mjumbe wa bodi iliyovunjwa anarudi nyumbani kwake, anakula, analala, na kesho anaweza kuteuliwa kwenye bodi nyingine.

Hapa lazima tuseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzetu, wanaodhani kila balaa linaletwa na mwekezaji wa nje. Vifo hivyo vya majini na vya reli tulivyovitaja havikuletwa na mgeni yeyote. Vilitoka kwenye mashirika yetu wenyewe, yaliyo chini ya mawaziri wetu. Ndiyo maana tunaogopa kwamba siku Serikali ikileta muswada wa namna hii, utakuwa na kifungu kimoja kidogo pale mwishoni kinachosema sheria hii haitahusu Serikali na wakala zake. Mkiona kifungu hicho, msisome vingine. Hilo ni changa la macho.

Kampuni binafsi nazo hatuziachi. Vijana wa mijini mnakumbuka Kariakoo, Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka watu wakiwa kwenye biashara zao. Wamiliki watatu walifikishwa Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia. Mahakama ifanye kazi yake, hatuingilii. Ila angalia tofauti. Jengo likiwa na wamiliki watatu wenye majina, mashtaka yanapatikana ndani ya wiki chache. Likiwa la kampuni yenye wakurugenzi saba, mkandarasi, mshauri, na kibali cha ofisi fulani, utaanzia kwa nani?

Waingereza, waliotuachia sheria hii, walikwama papo hapo. Machi 6, 1987, meli ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kwa sababu iliondoka mlango wa mbele ukiwa wazi. Watu 193 walikufa. Baharia wa kuufunga alikuwa amelala. Uchunguzi wa Jaji Sheen ukasema uzembe ulikuwa umeienea kampuni nzima, kuanzia juu mpaka chini. Kampuni ikashtakiwa kwa kuua, na mwaka 1990 kesi ikafa, kwa kuwa hakuna mkurugenzi hata mmoja ambaye kosa lilitosha kumwenea yeye peke yake. Kampuni kubwa ikaponea kwenye ukubwa wake. Ilipofika mwaka 1994 kampuni ya kwanza ilitiwa hatiani, lakini ilikuwa kampuni ndogo iliyoendesha michezo ya mitumbwi baharini, ambako wanafunzi wanne walikufa. Mkurugenzi wake mkuu alijulikana, akafungwa.

Iliwachukua miaka ishirini tangu Zeebrugge. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2007, ikaanza Aprili 2008. Mahakama sasa haimtafuti mkosaji mmoja. Inauliza namna shughuli zilivyoendeshwa na wakuu: je, ilipungua mno kuliko inavyotarajiwa, na ndiyo iliyosababisha kifo? Ikiwa ndiyo, kampuni ina hatia, inatozwa faini, inaamriwa kurekebisha, na inaweza kuamriwa itangaze hukumu yake hadharani. Idara za serikali nazo zimo, ingawa zimewekewa vichochoro kadhaa vya kupenyea. Kampuni ya kwanza kutiwa hatiani chini yake, Februari 2011, ilitozwa pauni 385,000 kwa kifo cha kijana aliyefukiwa na udongo kazini.

Lakini tusinakili kama kasuku. Sheria ile ina ubovu ambao hapa kwetu utatumaliza. Haimgusi mkurugenzi mwenyewe, inaitoza kampuni tu. Hebu fikiri: TEMESA ikitozwa faini ya mabilioni, analipa nani? Unalipa wewe, kwa kodi ya soda na kwa nauli ya kivuko kile kile. Marehemu ni wa kwako na faini ni ya kwako! Kwa hiyo kwetu lazima iwe vyote viwili, taasisi ihukumiwe, na wakuu waliopewa taarifa ya hatari wakaikalia wabebe jinai yao binafsi, na wafungiwe kushika bodi yoyote kwa miaka ya kutosha kuzeeka.

Ubovu wa pili: kule Uingereza kesi hiyo haifunguliwi bila idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Hapa kwetu Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa uwezo wa kuifuta kesi ya jinai kabla ya hukumu. Mshtakiwa akiwa wakala wa Serikali, na mwenye ufunguo wa kesi akiwa ofisa wa Serikali, ndugu wa marehemu anabaki dirishani. Wafiwa wapewe haki ya kwenda Mahakama Kuu kuomba kesi iendelee.

Tunawasikia wakubwa wakianza kukohoa. Watasema wawekezaji watakimbia. Waingereza wana sheria hiyo tangu 2008 na benki za London hazijahama. Kanada ilibadilisha sheria yake ya jinai mwaka 2003, baada ya mgodi wa Westray kuua wachimbaji 26 mwaka 1992, na migodi yao haikufungwa. Mwekezaji anayekimbia kwa kuambiwa asiue, mpeni nauli.

Watasema pia kwamba tuna OSHA tangu sheria ya 2003 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa sheria ya 2008. Tunavyo, na ni vizuri. Lakini mfuko unalipa fidia kwa michango ya waajiri wote, mwema na mwovu, na kwa mwovu kifo chako kinakuwa gharama kama dizeli. Abiria wa kivuko, huyo hata kwenye mfuko huo hayumo.

Tangu 2020 Bunge limejaa chama kimoja karibu viti vyote, kwa hiyo kisingizio cha kwamba wapinzani watakwamisha hakipo. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge yeyote kuleta muswada binafsi bila kungoja waziri. Kijana wa Sikonge, wa Tabora Mjini, wa Ukerewe, mbunge wako akija kwenye mkutano na kuahidi mabati, mwache amalize. Kisha nyosha mkono umuulize mambo matatu tu: atauleta lini, Serikali itakuwamo au itajitoa, na taasisi iliyobadilisha jina itashtakiwa kwa jina lipi. Akikujibu kwamba suala liko kwenye mchakato, muulize mchakato huo uko ofisi ya nani, na umwandike jina.