Mapafu ya vijana wa garaji si filtre ya mafuta



Katika garaji na mahali pa kuosha magari, Goma, Bukavu ao Lubumbashi, kijana anashika bomba ya kompresere, anaweka mazutu ao mafuta ya vidanji, anapuliza motere na chini ya gari. Gari inatoka inang'aa. Kijana anabaki ndani ya ukungu wa mafuta, anauvuta leo, kesho na kesho kutwa, bila maski. Akikohoa, patron anamwambia: «Ni kazi, utazoea.»

Hapana. Mapafu haizoee mafuta.

Mafuta ikipulizwa kwa nguvu inakuwa matone madogo sana. Yale makubwa yanashikwa puani na kooni. Yale madogo yanashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Askari wa mwili wanayameza lakini hawawezi kuyasaga. Yanabaki pale, yanaleta uvimbe, na mwishoni kovu. Madaktari wanaita ugonjwa ule pnemonia ya mafuta. Kwenye radio ya kifua unaweza kufanana na pnemonia ya mikrobe, hata na kifua kikuu. Mgonjwa anauza mbuzi ya mama yake kwa kununua antibiotiki ambayo haiondoe hata tone moja. Wengine wanapata bronshiti ao pumu. Na mafuta ya vidanji iko pia na masizi na chembe za chuma za motere.

Tena kuna uongo wa pili: «Kunywa maziwa, itasafisha.» Maziwa inaenda tumboni, mafuta iko kwenye mapafu. Kitambaa puani nacho hakizuii matone yale madogo.

Marekani, sheria haikubali hewa ya kazini ipite miligramu 5 za ukungu wa mafuta ya madini kwa meta kibe moja, wastani wa saa 8. Kwetu, nani alishakuja kupima? Watu wa taksi wanajua njia ya garaji vizuri sana. Inspekta wa kazi njo anapotea njia!

Lakini sheria iko. Kode ya Kazi ya tarehe 16/10/2002 inamlazimisha patron kulinda afya ya mfanyakazi, na inamjua hata kijana anayejifunza kazi. Sheria ya tarehe 15/7/2016 inaweka magonjwa ya kazi chini ya CNSS. Kijana asiyeandikwa CNSS, siku pumzi itakatika, atalipwa na nani?

Wanatuambia: «Mukigusa garaji, vijana watakosa kazi.» Hatuombi garaji ifungwe. Motere inaoshwa pia kwa buroshi na sabuni.

Tunadai:

1. Kupuliza mazutu na mafuta ya vidanji kukatazwe.
2. Penye ukungu hauepukiki, patron atoe maski ya kweli yenye filtre, na kazi ifanyikie penye hewa inapita.
3. Inspekta wa kazi waingie garaji, na ripoti itangazwe mbele ya raia.
4. Kila mfanyakazi aandikwe CNSS.

Na wewe kijana wa garaji: ukikohoa siku za kazi na kupata nafuu ukipumzika, mwambie munganga kazi unayofanya na kitu unachovuta. Asipojua, atatibu ugonjwa mwingine.

Kazi iko haki. Pumzi pia iko haki. Hatutachagua moja.