Mgeni katika Mji Mkongwe

Kila mwaka kamati yetu huandika barua za utambulisho kwa vijana wa Tanga wanaovuka mpaka wa Horohoro kwenda kusoma dini Lamu. Haupiti muda, wazazi huturudia na malalamiko ya watoto wao: mji umelala, magari hakuna, mizigo inabebwa na punda. Kijana aliyezoea kuendesha baiskeli katika barabara za Ngamiani, zilizonyooka na kupewa nambari, hatumlaumu kwa kushangaa. Tunachokihofia ni pale mshangao unapogeuka dharau.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zilijengwa kwa hekima. Daka la mlangoni humpokea mgeni bila ya kuvunja sitara ya wenye nyumba. Vichochoro vyembamba huleta kivuli, na wanaokutana humo hawana budi kupishana na kuamkiana. Ukale wa namna hii una manufaa, na mwanafunzi apaswa kujifunza kwao.

Hata hivyo, si kila cha kale ni cha kusifiwa. Mifereji ya maji machafu iliyo wazi haistahili kuitwa turathi. Mgonjwa anayesubiri boti usiku ili avushwe kwenda bara haoni raha ya mji usio na magari. Bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021, nje ya mji wa kale, ilhali ndani ya mji punda ndiye mchukuzi hadi leo. Basi mwenyeji anapodai maji safi na matibabu ya karibu, mgeni asimwambie kwamba anaiharibu historia.

Kigezo cha vijana wetu kipo hapo hapo wanaposoma. Habib Swaleh bin Alawy Jamalilail, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, alikuwa mgeni Lamu. Asili yake ni Ngazija. Aliukuta mji wa wanazuoni, lakini pia mji wa matabaka, ambamo waliokuwa watumwa na vizazi vyao waliwekwa kando na elimu. Yeye aliwasomesha. Wakubwa wa mji walimpinga, naye hakuukimbia mji wala hakuwatukana wenyeji. Alipofariki, Riyadha ilikwisha kuwa chuo kinachowavuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa mgeni anayemcheka, wala kwa mgeni anayeusifu hata ugonjwa wake. Kwa hiyo, ndugu wazazi, kabla ya kumfungia mtoto sanduku lake, mfundisheni kuuliza mambo mawili juu ya kila desturi atakayoikuta: inamhifadhi nani, na inamuumiza nani? Akishajua jibu, aishike kwa heshima ile inayohifadhi, na katika ile inayoumiza awe upande wa wanaoumia, kwa adabu na subira.

Akirejea nyumbani atazikuta nyumba za kale za Pangani, na majirani wanaoishi ndani ya kuta zinazomomonyoka. Maswali hayo mawili atayahitaji huko pia.

Wabillahi tawfiq.