Magugu ya Horsell na Daftari Tupu la Kariakoo



Nilipoeleza hapa kwamba baadhi ya Jumamosi huenda kung'oa magugu katika makaburi ya zamani ya Waislamu huko Horsell, karibu na Woking, jamaa yetu mmoja wa Maskati aliniletea maneno makali. Alisema: wale walikuwa askari wa Mwingereza, tena Wahindi, na miili yao haipo tena pale, basi wewe, mtu wa Mombasa, wafagia nini? Nilinyamaza siku kadhaa. Leo namjibu hadharani, kwani najua hayuko peke yake katika fikra hiyo.

Kwanza tuuweke ukweli mahali pake. Pale palijengwa kati ya 1915 na 1917, kwa ajili ya askari Waislamu wa Jeshi la Uhindi waliofia Uingereza. Wajerumani walikuwa wakieneza habari kwamba askari hao hawazikwi kwa taratibu za dini yao. Kuta zile za matofali na lango lile lenye kuba ndizo zilizokuwa jibu. Walizikwa 27, wa vita vikuu vyote viwili. Baadaye wahuni wakapaharibu, na mwaka 1968 miili ikahamishiwa makaburi ya kijeshi ya Brookwood. Kuta zikabaki zikichakaa miaka mingi, hata jumuiya ya wenyeji inayomiliki uwanda ule, pamoja na wafadhili, ikasimama kupatengeneza. Mwaka 2015 pakafunguliwa kuwa bustani ya amani, yenye miti 27 ya asili ya Himalaya na jiwe lililochongwa majina yao.

Jamaa yangu asema hao si wetu. Kwa nasaba, nakubali. Lakini na anijibu: yule mzee wa Kiingereza apigaye magoti topeni kando yangu, ambaye si Mhindi wala si Mwislamu, wao ni wake kwa nasaba gani? Yuko pale kwa sababu majina yapo, na jina lililoandikwa humdai kila apitaye.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mwaka 1917, kuta za Horsell zilipokamilika, iliundwa pia kwa hati ya mfalme tume ya kutunza makaburi ya vita, ambayo msingi wake ulikuwa usawa wa waliokufa, pasi na kujali cheo, rangi wala dini. Na mwaka ule ule, huko kwetu, watu walikuwa wakikusanywa kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakabebe mizigo ya jeshi. Ndiyo Carrier Corps, ambayo ndimi zetu ziliigeuza kuwa Kariakoo. Maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Mawe yao yako wapi? Tume hiyo yenyewe, katika ripoti ya 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Sisi tuliachiwa masanamu: askari wa shaba wa Dar es Salaam, wa 1927, angali amesimama na bunduki yake. Mpagazi aliyefia njiani na mzigo kichwani hasomeki pale kwa jina.

Kaka yake bibi yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwao. Alichukuliwa, hakurudi: ndiyo habari yote tuliyo nayo. Nami nimekuwa karani miaka 34. Najua kwamba jina halipotei lenyewe; hupotezwa na mtu aliyeshika kalamu akaona hakuna haja ya kuandika.

Wala simlaumu karani wa mkoloni peke yake. Bibi yangu alifariki nami ni kijana wa miaka 19, niliyekwisha kujua kuandika kwa hati zote mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu. Sikumwuliza kaka yake alichukuliwa wapi, wala mwaka gani, wala pamoja na nani. Niliandika majina ya wageni maelfu kwa mshahara. La mtu wetu sikuliandika bure.

Kwa hiyo sitaacha kwenda Horsell. Pale najifunza namna watu waliostaarabika wanavyowafanyia maiti wasio wao, na naona haya kwa tulivyowafanyia walio wetu. Lakini nimefungua pia daftari, la watu wa ukoo wetu waliokwenda Kariakoo. Ukurasa wa kwanza una jina moja, nusu yake tupu.

Jamaa yangu wa Maskati, mama yako ndiye mkubwa wetu aliyebaki, na kumbukumbu yake ingali nzima. Badala ya kuniuliza nafagia nini, kaa naye leo baada ya Alasiri, umwulize.