Sisi Ndio Tuliokimbia Umande

Mtu ambaye hakwenda shule husemwa alikimbia umande. Ukiutazama vizuri msemo huo utamwona mtoto ndani yake: kumekucha kidogo tu, miguu mitupu, nyasi zimelowa hadi magotini, na shule iko ng'ambo ya kilima. Aliyevumilia baridi ile alifika darasani. Aliyeikimbia alirudi kujifunika blanketi, na watu wakamkumbusha jambo hilo mpaka uzeeni.

Mimi sikuukimbia. Nilizaliwa kijijini, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, na kwa miaka saba niliukanyaga umande kwenda shule na kurudi. Nikafaulu, nikaenda bweni, nikaenda chuo, nikapata kazi Dar es Salaam na kiti kinachozunguka. Leo nasema hadharani kwamba waliokimbia umande ni sisi. Sisi tuliosoma. Tuliuvumilia miaka saba kwa ahadi kwamba hautatugusa tena, na sasa tunataka kuwafungia njia hata wale waliobaki nao.

Nina ushahidi, na ushahidi ni mimi mwenyewe. Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu. Alitaka watoto wote tuchange tuzungushie uzio shamba la mama. "Watu wanapita mno," alisema. "Shamba limekuwa stendi." Nilikuwa nimekwama kwenye foleni, nimechoka, na jasho linanitiririka. Nikatuma laki nne kabla gari halijasogea. Sikuuliza hata swali moja.

Njia iliyokuwa ikizungumzwa ni ile ile niliyosomea. Inaanzia karibu na msikiti, inashuka katikati ya migrevilea, inapita pembeni mwa shamba letu, inavuka kijito juu ya magogo mawili, kisha inapanda hadi shuleni. Hakuna aliyeichora. Imechongwa na nyayo. Ikizibwa, mtoto wa darasa la kwanza atalazimika kuzunguka kwa barabara kubwa, ile ambayo malori ya kabichi na karoti huishukia kuelekea Mombo kungali na giza, kona baada ya kona, bila nafasi ya mtembea kwa miguu kando yake.

Nilipokwenda nyumbani mwezi wa Desemba, mama hakusema neno juu ya uzio. Siku ya pili, saa kumi na moja alfajiri, aligonga mlango wa chumba nilicholala.

"Amka tukaone mpaka wa uzio wenu."

Alisema wenu. Nililisikia neno hilo vizuri kuliko kugongwa kwa mlango.

Tulitoka muadhini akiwa amekwisha kutukumbusha kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye sufuria, na vilele vya milima vimetokeza juu yake. Baridi ilikuwa ya kule kwetu, ile inayokufanya uitafute mikono yako ndani ya kanga. Hondohondo wawili walipita juu yetu. Mabawa yao yalisikika kabla hatujawaona. Moshi wa jiko la kwanza ulipanda. Viatu vyangu vya mjini vililowa katika hatua kumi za mwanzo, na hatua ya kumi na moja sikujali tena.

Kila tuliyekutana naye alisimama. Shikamoo, marahaba, mmeamkaje, na yule mgonjwa je, na karoti mmeuza vipi. Nilihesabu watu tisa kabla ya kijito. Kabla hatujafika kwenye magogo, nilikuwa nimejua nani amejifungua, ng'ombe wa nani amepotea na mjane gani paa lake linavuja. Mjini sijui jina la jirani tunayegawana naye ukuta.

Nikamwambia mama, kwa moyo mweupe kabisa, "Pole mama. Njia hii uliipita na ndoo kichwani miaka yote ile."

Akasimama. "Pole ya nini?"

"Ya taabu."

"Ndoo ilikuwa nzito, mwanangu. Alfajiri haikuwa nzito." Akatazama bondeni. "Saa hii ilikuwa yangu. Baba yenu amelala, ninyi mmelala, hakuna anayeniita. Nikishuka na ndoo tupu nilikuwa naimba."

Nina zaidi ya miaka arobaini. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu alikuwa akiimba.

Kuna uongo wa aina mbili tunaojilisha kuhusu jambo hili. Wa kwanza ni kwamba kutembea ni umaskini. Tukimwona mtu anakwenda kwa miguu tunamwonea huruma, na tukipata gari tunalitumia hata kwenda dukani mtaa wa pili. Huruma hiyo ndiyo iliyonifanya nimpe mama pole kwa saa aliyoipenda kuliko zote. Tulipomtazama, tuliona ndoo peke yake, kwa sababu ndoo ndiyo tuliyokuwa tukiikimbia.

Usinielewe vibaya. Sitaki mama wa mtu yeyote abebe maji kichwani ili mimi niandike habari za ukungu. Bomba lifike kila kijiji. Mtoto asitembee mpaka akasinzia darasani. Na ninajua kuna njia ambazo mwanamke hapiti peke yake kabla ya jua kutoka, na anayemwambia asiogope hajawahi kusikia hatua za mtu nyuma yake gizani. Hayo yote ni mambo ya kupigania. Lakini dawa ya njia yenye hatari ni kuifanya salama. Ukiifunga, umemwadhibu aliyetishwa pamoja na aliyetisha.

Uongo wa pili ni kwamba kutembea kwa raha ni mambo ya Wazungu. Kijijini kwetu mtalii akipita na fimbo yake kuelekea Irente kuangalia nyika kule chini, hakuna anayeshangaa. Nikipita mimi mikono mitupu, naulizwa, "Unakwenda wapi?" Nikijibu, "Natembea tu," nyuso zinakunjamana. Lazima niwe nimetumwa, nimefiwa au nimechanganyikiwa.

Hao Wazungu wenyewe hawakupewa njia zao bure. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester na maeneo ya jirani, walipanda mlima wa Kinder Scout nchini Uingereza, mahali palipofungwa na wenye ardhi kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano wakafungwa jela. Sheria iliyowapa watu haki ya kutembea katika maeneo kama yale ilipitishwa mwaka 2000. Watu waliokuwa na siku moja ya kupumzika kwa juma walikubali kwenda gerezani kwa ajili ya kutembea tu. Sisi tulio na njia zilizochongwa na mabibi zetu tunachangishana kwa simu ili tuzizibe.

Na lugha yetu inatusuta. Kuna methali inayosema mtembezi hula miguu yake, na hiyo ndiyo tunayoitaja kila mtu anapotoka bila shughuli. Lakini ipo nyingine: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Wahenga walibishana, na sisi tumechagua upande mmoja tukajifanya mwingine haupo. Hata saa zetu zina msimamo. Kiswahili huanza kuhesabu mchana jua likichomoza. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Ukiamka saa tatu, lugha yenyewe imekwisha kukuhesabia ulichopoteza.

Kutembea kuliwahi kuwa heshima. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, naye alikuwa Rais. Leo kiongozi akitembea ni matembezi ya hisani: fulana mpya, bango, maji ya chupa, mgeni rasmi, kilomita tano na picha. Anayebaki analipa ada ya mwezi katika ukumbi wa mazoezi, anapanda juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, anatembea nusu saa akitazama ukuta, kisha anashuka pale pale alipopandia. Mimi ni mmoja wao. Nina kadi ya uanachama. Kwa pesa ile nimekuwa nikinunua kila mwezi kivuli cha kitu ambacho mama hukipata bure, bila hondohondo, bila habari ya paa la mjane.

Sasa nirudi kwenye uzio, maana hapo ndipo maneno yanapogeuka vitendo. Kaka atasema shamba ni letu, na ni kweli. Wapo wanaochuma peasi bila kuomba, na mbuzi wa watu wameshakula maharage ya mama. Haya ni malalamiko halali, nayo yana dawa yake: uzio unaweza kwenda sambamba na njia, ukaacha watu wapite. Tukifunga njia yenyewe, tunakuwa tumechukua kitu ambacho hakikuwahi kuwa chetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba kunaweza kuwepo haki ya njia ya umma juu ya ardhi yenye mwenyewe. Wazee wetu walilijua hilo bila kusoma sheria. Babu alipanda migrevilea ile pande mbili, akaiacha njia katikati, naye alijua kabisa kwamba angepata mistari miwili zaidi ya maharage.

Wengi mnaosoma hapa mna shamba la mama mahali fulani. Mna kaka au dada anayepiga simu akitaka mchango wa ukuta, geti, seng'enge, na mnatuma kwa sababu mko mbali na mnaona aibu ya kuwa mbali. Kabla ya kutuma, nendeni. Laleni usiku mmoja. Amkeni saa kumi na moja mshuke na mwenye njia. Muulizeni saa gani ilikuwa yake.

Siku ile, tulipofika kwenye magogo, mama alinishika mkono ili nisiteleze. Ana miaka sabini na moja. Watoto wa shule walitupita mbio, soksi zimelowa, mmoja anakula kiazi. Wakatuamkia kwa pamoja bila kusimama, na mama akaitikia kila mmoja kwa jina.

Kaka, nguzo za zege bado zimelala nyuma ya zizi. Sidai laki nne zangu. Ninachoomba ni kwamba nguzo nne kati ya hizo zilazwe juu ya kijito badala ya yale magogo, maana yameanza kuoza na mvua za masika hazingoji kikao cha ukoo. Zilizobaki, zungushia maharage. Njia iache. Nami nakuja sikukuu ya Pasaka, na nitakugongea mlango saa kumi na moja.