Jaribio likiisha, mtoto hubaki

Wako watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni moja, FMR1, iliyogunduliwa mwaka 1991. Wengi wao huwa na hofu ya watu. Hukwepa macho ya wenzao na kujitenga. Nchini Marekani dawa ya arbaklofeni ilijaribiwa ili kupunguza kujitenga huko. Mwaka 2013 majaribio yalisimamishwa. Kwa kipimo kikuu kilichowekwa, dawa haikukishinda kidonge kisicho na dawa. Lakini baadhi ya wazazi walisema watoto wao walikuwa wameanza kuzungumza na watu, wakahuzunika dawa ilipoondolewa.

Sisi hatuwalaumu wataalamu waliopima kwa haki, maana tumaini la mzazi pekee si kipimo. Hata hivyo, aliyeutoa mwili wake kwa faida ya wengine si chombo cha kutupwa kazi inapokwisha. Azimio la Helsinki, lililotungwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka hatima ya washiriki ipangwe kabla ya jaribio kuanza. Basi, jaribio lolote likifika kwetu, tuulize mapema: siku ya mwisho, nani atabaki na mtoto huyu?