Presha Haipigi Hodi, na Kabati la Zahanati ni Tupu

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu, fundi seremala wa miaka 61 ambaye hadi juma lile alikuwa akipanda ngazi na randa mkononi. Alikwenda kutia udhu wa alfajiri, akaanguka. Upande wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, na siku ya nne akatutoka. Matangani kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine akanong'ona habari za jicho la jirani. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilishaona kabatini mwake karatasi ya vidonge vya presha: vinne vimemezwa, sita vimebaki, na vumbi juu yake.

"Alisema kichwa kimeacha kumuuma, basi amepona," mkaza mjomba aliniambia.

Presha haiumi. Mwenye nayo hubeba matofali, hucheka harusini, na huku mishipa inaliwa kidogo kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwa hiyo mjomba, aliyepimwa na kuandikiwa dawa, alikuwa miongoni mwa wenye bahati.

Mara ngapi nimesikia barazani kwamba dawa hizi zilijaribiwa kwa Wazungu, sisi damu yetu ni nyingine? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kwa miaka mingi tafiti kubwa za moyo zilifanywa mbali na sisi. Lakini 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa 728 Waafrika weusi katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Walipewa dawa mbili mbili kwa mafungu matatu, kisha wakapimwa presha kwa saa 24 mfululizo. Mafungu mawili yaliyokuwa na amlodipini yaliishusha presha vizuri zaidi kuliko lile lisilokuwa nayo. Na amlodipini si dawa ya kitajiri. Ni kidonge cha zamani, kinatengenezwa na viwanda vingi, humezwa mara moja kwa siku.

Basi jibu tunalo, tena limetoka kwenye miili yetu. Kinachokosekana ni kidonge chenyewe.

Mwaka huu nimempeleka mama mara tatu kwenye zahanati moja hapa kwetu. Mara ya kwanza dawa imekwisha. Mara ya pili mashine ya kupimia haina betri. Mara ya tatu akapewa vidonge vya wiki mbili na kuambiwa vingine akanunue mwenyewe. Muuguzi hakuwa na makosa, alikuwa peke yake na foleni imefika mlangoni. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na tangu Oktoba 2024 tuna mamlaka mpya ya SHA, ambayo tuliambiwa huduma za zahanati na vituo vya afya zitalipwa na serikali bila mwananchi kutoa kitu. Sawa. Lakini kumpima mtu bure kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kumpa khabari, si matibabu. Wakubwa wetu wanapenda kuzindua ambulensi na vyumba vya wagonjwa mahututi, kwa kuwa pale pana utepe wa kukata. Sijaona aliyekata utepe wa katoni ya vidonge. Kikao cha maoni ya bajeti kikija wadi yenu, ulizeni swali moja tu: dawa za presha zimetengewa shilingi ngapi, na zilikosekana siku ngapi mwaka uliopita?

Hata hivyo sitaitupia kaunti kila kitu. Mjomba vidonge alikuwa navyo. Wengi wetu huviacha Ramadhani ikiingia na hatuvirudii tena, ilhali dawa ya mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa futari au daku. Muulize daktari kabla mwezi haujaandama. Halafu kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mimi nawajua watu wanaoimaliza kwa achari na viazi vya karai kabla ya magharibi. Nchini China, vijiji 600 vilifuatwa kwa takriban miaka mitano. Kwa waliopewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Mwenye maradhi ya figo asiiguse bila ushauri, inaweza kumdhuru.

Baada ya khitma nilizungumza na imamu wetu. Wauguzi wawili wa mtaani wamekubali kukaa na mashine barazani kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa ya kwanza wazee walisitasita, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele, kwa hiyo nikaketi mimi kwanza ili waone hakuna sindano. Mashine ikasoma 158 kwa 96. Muuguzi akanipumzisha dakika tano, akarudia: 154 kwa 94. Kichwa hakiniumi. Jumatatu asubuhi nimeambiwa nirudi.