KUPANDA SI KAZI, KAZI NI KUMWAGILIA

Wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi naona methali hii inatufaa sana sisi tunaopenda kupanda miti kisha tukaisahau.

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili tupande miti. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Nami nilipanda miche miwili hapa Syokimau, mmoja karibu na kamba ya nguo nyumbani, mwingine ng'ambo ya barabara. Ilipofika Februari, jua lilikuwa kali na udongo wetu mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Mche wa ng'ambo ulikauka. Ule wa nyumbani uko hai hadi leo, kwa sababu mama humwaga hapo maji ya kusuuzia nguo.

Je, siri ni nini? Katika Bayolojia tunafundishwa kuwa mizizi hufyonza maji pamoja na madini ya udongoni. Majani nayo huyatumia maji hayo na hewa ya kaboni kujipikia chakula kwa mwangaza wa jua. Maji pia ndiyo hulifanya jani lisimame, kama mpira uliojazwa upepo. Lakini katika kila lita 100 ambazo mmea hunywa, zaidi ya 90 hutoka majanini kama mvuke. Kwa hivyo mche hauwezi kunywa Novemba ukangoja Machi! Tena udongo wetu ukipasuka hukata mizizi michanga.

Najua wengine watasema, "Ah, sisi wenyewe twanunua maji kwa mtungi, miti itapata wapi?" Ni kweli. Lakini maji ya kuoshea mboga na kusuuzia nguo tumekwisha kuyanunua, na twayamwaga tu. Tuyapeleke kwa mche jioni, na tuweke nyasi kavu kuzunguka shina ili yasikauke upesi.

Maoni yangu ni haya: hapa shuleni kila darasa lipande miti mitano tu, na kila mti uwe na mlezi wake anayejulikana kwa jina. Afadhali mitano iliyo hai kuliko hamsini ya kupigiwa picha.

Nabii Syokimau, ambaye mtaa wetu una jina lake, husifiwa kwa kutabiri nyoka mrefu, yaani reli. Mimi si nabii, lakini natabiri: mche usio na mlezi hautaona Machi. Shime wenzangu, tushike mitungi!